Jua Edale, mvua ya mawe Kinder: je, tusitishe matembezi hadi Juni?

"Shikamoo. Mimi ni mratibu wa kikundi chetu cha matembezi hapa Manchester. Tuko watu ishirini na kitu, Wakenya, Watanzania, Wakongomani na Warundi, na mara moja kwa mwezi siku ya Jumamosi tunapanda treni kwenda kutembea vilimani. Mwezi huu wa Aprili tulikwenda kilima cha Kinder Scout kupitia kijiji cha Edale. Utabiri ulisema jua na mawingu, nyuzi 12. Tulianza saa nne asubuhi, na jua lilikuwepo kweli. Kufika juu tukakuta ukungu, kisha mvua ya mawe na upepo wa kumsukuma mtu. Wenye mwendo walikuwa wameshatangulia. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, amevaa jinzi na koti jepesi, alitetemeka sana, kisha akanyamaza, kisha akasema tumwache aketi kidogo atatufuata. Tulimshika mikono tukashuka naye, njia yenyewe hatuijui vizuri na simu yangu imezima. Namshukuru Mungu tulifika salama. Sasa kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka tusitishe hadi Juni, wengine wanasema mvua haijawahi kuua mtu. Yupo anayesema sisi tuliozaliwa nchi za joto miili yetu haikuumbiwa baridi hii. Nitajuaje siku ya kuahirisha? Kila mtu abebe nini? Na mama yule alikuwa hatarini kweli, au tulishtuka bure?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana wewe na wenzako.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo zito. Hamkushtuka bure. Mama yule alikuwa hatarini, na kilichomwokoa ni kwamba mlikataa kumsikiliza. Mtu anayetetemeka, mwili wake bado unapigana. Akishanyamaza, akaanza kutaka kuketi na kuachwa peke yake, mwili umeanza kuzidiwa, na akili nayo imeanza kupoa pamoja na mwili. Kwa hiyo anapokwambia "niacheni kidogo", usiyachukulie maneno hayo kama uamuzi wa mtu mzima aliye timamu. Mngemwacha pale, asingewafuata.

Mimi nimeongoza watu milimani kwa miaka mingi, kwanza Kilimanjaro, maana nimezaliwa upande wa Marangu, kisha huku Derbyshire, kwenye vilima hivyohivyo mlivyokwenda. Nimesoma swali lako mara tatu, na ninaona kikundi kinabishana kuhusu mambo mawili tu: kusitisha au kujitosa. Kuna jambo la tatu ambalo halijatajwa, nalo ndilo kazi yote ya mwongozaji katika majira haya ya machipuko: kupanga matembezi ambayo kurudi nyuma ni sehemu yake tangu siku ya kwanza ya kuyapanga. Hapo hakuna atakayeona kugeuka ni kushindwa. Nitalifikia hilo, ila kwanza tuyasafishe mawili matatu ambayo watu wanayaamini kimakosa.

Utabiri wenu haukukosea. Nyuzi 12 zile zilikuwa za Manchester. Kilele cha Kinder kiko mita 636 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 100 unazopanda hewa hupoa kwa kiasi cha nusu digrii hadi digrii moja, kutegemea unyevu wake. Kwa hiyo kabla mvua haijaanza, juu kule palikuwa na nyuzi sita au nane hivi. Mvua ya mawe inaposhuka huteremsha pamoja nayo hewa ya baridi kutoka mawinguni, na ndani ya dakika chache joto hushuka tena. Kisha upepo. Hewa ya nyuzi 5 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa humwondolea mtu joto sawa na hewa tulivu ya nyuzi moja chini ya sifuri. Hayo yote yalikuwa yanajulikana Ijumaa jioni, ila hayaandikwi kwenye utabiri wa mjini. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, hutoa utabiri wa milimani kwa Peak District, eneo la vilima hivyo mlivyokwenda, na wapo pia MWIS ambao kazi yao ni milima tu. Wote ni bure. Humo utasoma upepo utakuwaje kileleni, mawingu yatakaa urefu gani na uwezekano wa kuona njia ni kiasi gani. Kwangu mimi mstari wa upepo ndio wa kwanza kusoma. Alama ile ya jua na kiwingu naiangalia mwisho.

Kwa nini Aprili iwe kigeugeu kuliko Januari? Jua la tarehe 20 Aprili linasimama juu angani kama la tarehe 22 Agosti. Lina nguvu. Lakini bahari inayoizunguka Uingereza ndiyo kwanza imetoka kwenye baridi yake kali, maana maji huchelewa kupata joto, na hewa inayokuja kutoka kaskazini magharibi bado ni ya ncha ya dunia. Asubuhi jua linapasha ardhi, hewa ya chini inapata joto na kupanda kwenye hewa baridi iliyo juu yake, mawingu yanajengeka kama povu la maziwa yanayochemka, na kuanzia saa sita mchana yanaanza kumwaga: manyunyu hapa, mvua ya mawe pale, jua tena baada ya robo saa. Ndiyo sababu mliondoka Edale na jua. Asubuhi nzuri ya Aprili haikuahidi mchana mzuri, na mara nyingine jua kali la saa tatu ndilo linaloipika mvua ya saa nane.

Sasa mvua isiyoua. Ni kweli, mvua peke yake mtu huishi nayo. Baridi kavu peke yake pia, ukivaa vizuri. Upepo peke yake ni kero tu. Yanapokutana matatu kwenye mwili wa mtu aliyechoka na mwenye njaa, ndipo watu hufa, tena si lazima kuwe na barafu. Maji huondoa joto mwilini takriban mara ishirini na tano kuliko hewa. Nguo iliyolowa hukoma kuwa nguo. Inakuwa kitambaa cha maji kilichokumbatia ngozi, na upepo unaikausha kwa kutumia joto lako wewe. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni pamba nzito inayonyonya maji, inakaza mapaja na haikauki siku nzima. Ukiniuliza kosa kubwa la siku ile ni lipi, sitataja hali ya hewa. Nitataja jinzi ya mama yule na wewe kutokuwa na ruhusa ya kumwambia, pale stesheni, kwamba leo njia yake ni ya bondeni.

Kuhusu miili ya watu wa nchi za joto, nitakujibu bila kupindisha. Kwenye kupoa kwa mwili mzima, hali ambayo madaktari huiita haipothemia na huanza joto la ndani linaposhuka chini ya nyuzi 35, hakuna aliyesalimika kwa sababu ya alikozaliwa. Waingereza waliozaliwa chini ya vilima hivi hivi huokolewa humo kila mwaka. Na mwenzenu anayesema hivyo hajawaona wagumu wa Kilimanjaro, wapagazi wetu, wakitoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo alfajiri na mizigo vichwani. Ila kuna upande mmoja ana haki. Katika jeshi la Uingereza imeonekana kwamba askari wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi vidoleni na miguuni zaidi kuliko wenzao, hata pasipo barafu. Mishipa ya damu ya vidole hujifunga mapema na kuchelewa kufunguka. Maana yake kwenu ni ndogo na ya wazi: jozi mbili za glavu kila mtu, jozi moja ikiwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni, na soksi za akiba. Tena msingoje kidole kibadilike rangi, maana kwenye ngozi nyeusi hilo huonekana kwa shida. Uliza kama kina ganzi.

Lipo jambo la afya ambalo katika kikundi kama chenu ni lazima lisemwe kwa sauti, nalo ni sikoseli. Mwenye ugonjwa huo, baridi ya ghafla na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali. Simkatazi kutembea; namwomba akaongee na daktari wake kwanza, na akuambie wewe faraghani. Vivyo hivyo mwenye pumu, mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye ugonjwa wa moyo, na yule ambaye vidole humfa ganzi hata akishika tu kitu kutoka kwenye friji. Mama yenu naye, kama tangu siku ile vidole vya mikono au miguu bado vinawaka, vina ganzi au vinauma usiku, aende kwa daktari wiki hii. Asikae nyumbani kukanda na maji ya moto.

Nguo hazihitaji fedha nyingi. Watu wetu wanadhani lazima waingie kwenye duka la vifaa vya milimani watoke na deni. Sisi ni watoto wa mitumba. Ingieni kwenye maduka ya hisani, yale ambayo Waingereza hupeleka nguo zao walizochoka nazo, mtapata sweta la sufu au la flisi kwa bei ya chakula cha mchana. Chini kabisa fulana ya michezo isiyo ya pamba, juu yake sweta, na juu ya vyote koti lisilopitisha maji lenye kofia. Suruali yoyote nyepesi ya kukauka upesi, na suruali ya mvua ya kuvalia juu. Hiyo ya mwisho watu huidharau. Mapaja ni misuli mikubwa, damu nyingi inapita humo, na yakipigwa na upepo yakiwa yamelowa mwili unapoteza joto kama nyumba iliyoachwa mlango wazi. Kofia ya sufu. Sweta la pili kavu, lisilovaliwa hata mkisikia baridi njiani. Hilo linangoja mnapoketi kula, au linamngoja aliyezidiwa. Koti ndilo la kutolea fedha zaidi, na kabla ya safari lijaribuni bafuni: livae, simama chini ya maji dakika tano, uone linavuja wapi.

Na vaeni koti kabla ya mvua. Hili ni dogo mno kuandikwa lakini ndilo linalowashinda watu. Mnaona wingu jeusi linakuja kutoka upande wa kijiji cha Hayfield, kila mtu anasema ngoja kidogo huenda litapita, na linapofika mnavaa koti juu ya sweta lililokwisha kulowa. Kinder ina ishara yake nzuri: yako maporomoko yanayoitwa Kinder Downfall upande wa magharibi, na upepo wa magharibi ukiwa mkali maji yake hurushwa kurudi juu, yakionekana kwa mbali kama moshi. Ukiyaona hivyo, ujue huko juu hakuna pa kuketi kula chapati.

Kikundi nacho kina mzigo wake. Ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa nailoni na dira, pamoja na watu wawili wanaojua kuvitumia. Simu ni nzuri lakini betri hulegea kwenye baridi. Ibebeni mfuko wa ndani karibu na mwili, na moja ya akiba izimwe tangu mwanzo. Tochi, hata kama jua la Aprili linazama kama saa mbili usiku. Filimbi. Halafu kifaa kimoja ambacho ningekiuzia hata chakula changu: hema la dharura la kikundi, kitambaa chepesi kisicho na nguzo, ambacho watu wanane hujifunika wakiwa wameketi migongo kwa nje. Linakunjwa likawa kama mkate. Nimewahi kukaa humo na watu sita huku mvua ya mawe ikipiga kitambaa, na baada ya dakika tano miwani yetu ilikuwa imejaa mvuke kwa joto la pumzi. Mngekuwa nalo siku ile, mama yule angebadilishwa nguo humo ndani, akanywa chai, na mngeshuka bila hofu.

Ninakuja sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonitia simanzi katika barua yako: "wenye mwendo walikuwa wameshatangulia". Kutangulia si kufika. Kikundi kikishapasuka kwenye ukungu hakipo tena. Kuna watu kadhaa waliopotea kila mmoja kwa njia yake. Juu ya Kinder ni tambarare ya mboji nyeusi iliyochimbwachimbwa na maji, mitaro inafanana, na mtu aliye umbali wa hatua hamsini huwezi kumwona. Kilimanjaro tuna utaratibu ambao hakuna anayeubishia: kiongozi mbele, msaidizi nyuma kabisa, na mwendo ni wa mtu wa pole kuliko wote. Fanyeni hivyo. Yule mtu wa pole awekwe wa pili, nyuma ya kiongozi, maana akiwekwa mwisho kila mkipumzika yeye ndiye anayefika wakati wenzake wanasimama kuondoka, hapumziki kamwe, naye kwa aibu hasemi. Mpeni mtu mmoja kazi ya kukaa nyuma, wala asimpite mtu yeyote hata kwa kwenda haja. Hesabuni watu kila mnapofika uzio au njia panda. Na watu ishirini ni wengi kwa kiongozi mmoja. Gawanyikeni wanane au kumi, kila kundi na kiongozi wake na ramani yake.

Muda nao mnaukadiria kwa matumaini. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yenu ilikuwa kilomita 14 na kupanda mita 450. Kwa Naismith ni saa tatu na nusu hivi. Lakini Naismith hakutembea na watu wanaopiga picha, wanaoswali adhuhuri na wanaofungua hotipoti la pilau. Kwa kikundi cha urafiki hesabu kilomita 3 kwa saa, ongeza kupanda, ongeza saa nzima ya mapumziko, utapata muda wa saa sita na nusu. Mkitoka saa nne asubuhi, mnarudi stesheni saa kumi na nusu jioni, na mko kileleni saa saba au nane mchana, saa zile zile ambazo mawingu ya machipuko yanamwaga. Tokeni saa mbili na nusu kama treni inaruhusu. Mtakuwa mnashuka wakati mvua inaanza.

Basi utajuaje siku ya kuahirisha? Nakupa ninavyofanya mimi. Alhamisi unatangaza njia mbili, ya juu na ya chini, zote mbili kwa uzuri wake, na unaandika wazi kwamba uamuzi utatoka Ijumaa jioni. Kwa nini mbili? Kwa sababu ukitangaza moja, watu wataipenda, watanunua tikiti kwa ajili yake, na Jumamosi itakuwa vigumu kuwanyang'anya. Ijumaa unasoma utabiri wa milimani. Vishindo vya upepo kileleni vikitajwa kupita maili 40 kwa saa, hampandi, hata kama jua limeandikwa, maana upepo huo humwangusha mtu mzima. Maili 30 pamoja na mvua na nyuzi chini ya 5, kwa kikundi chenye wageni, pia hampandi. Mawingu yakitajwa kufunika vilele kutwa na hakuna kati yenu anayejua dira, hampandi. Radi ikitajwa, hampandi. Kuna siku nyingi zitakazobaki, usihofu.

Njia ya chini isiwe adhabu. Bakewell, mji mdogo wa hukohuko Derbyshire, kuna Monsal Trail, njia ya zamani ya reli, tambarare, yenye mahandaki marefu ambamo mvua haiwapati na watoto hupenda mwangwi wake. Na hata mkianzia Edale kama mlivyozoea, njia yenu ya kwenda Jacob's Ladder, ile ngazi ya mawe ya kupandia Kinder, inapita mashambani hadi kitongoji cha Upper Booth kabla haijaanza kupanda. Pale chini ya Jacob's Ladder pana daraja dogo la mawe. Lifanyeni hilo kuwa mahali pa uamuzi. Kila mtu afike, mhesabiane, mle kitu, mtazame mlima. Kama ukungu umeshuka, kama kuna mtu amelowa, kama saa imepita mliyoipanga, mnageuka pale, mnarudi Edale kwa njia ya bondeni, na hamjapoteza chochote. Mmetembea saa mbili tatu na chai inawangoja. Wengine wakitaka kuendelea, waendelee tu wakiwa kundi kamili lenye kiongozi. Mtu harudishwi peke yake, na mtu haachwi kungoja.

Radi ikiwashtukiza: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, tokeni mgongoni mwa kilima haraka, achaneni kidogo, msijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Kumtambua aliyezidiwa ni ujuzi unaojifunzika. Kumuuliza "uko sawa?" ni kupoteza pumzi, kwa malezi yetu kila mtu atajibu "niko sawa, tuendelee". Mpe kazi. Mwambie afunge zipu ya koti lake mbele yako, au aguse kidole kidogo kwa gumba la mkono uleule. Siku moja, juu ya Grindslow Knoll, nilimpa ndizi bwana mmoja aliyekuwa amenyamaza kwa muda. Aliishika kwa viganja viwili, akaitazama, akaizungusha, akaishika tena. Hakuweza kuimenya. Alikuwa ametutania njia nzima, na nusu saa kabla aliniambia yuko sawa kabisa. Tuligeuka palepale. Kwa hiyo tazama mikono, tazama miguu inayoanza kujikwaa kwenye jiwe dogo, sikiliza ulimi unaokuwa mzito, na mchangamfu aliyegeuka mkali au bubu.

Ukimpata, kwanza mtoe kwenye upepo, nyuma ya ukuta wa mawe au ndani ya hema lile. Mwekeeni kitu cha kukalia, begi lolote, kwa sababu ardhi hunyonya joto. Kama mna mahali pa kujifunika, mvueni ya kulowa mumvishe kavu. Kama hamna, msimvue upeponi, mvalisheni juu ya alizovaa. Kofia, glavu. Mpeni kitu kitamu ikiwa ana fahamu na anameza vizuri. Chai ya moto inafaa, lakini fahamuni kinachofanya kazi. Kikombe kimoja cha moto hubeba joto dogo sana kwa mwili wa kilo sabini. Sukari vijiko vitatu iliyomo ndiyo kuni, kwa sababu kutetemeka ni moto wa misuli na moto huo unataka kuni. Ndiyo maana aliyefunga asiwe kwenye njia ya juu. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, na siku hizo pangeni matembezi mafupi ya bondeni karibu na magharibi, yanayoishia kwenye futari. Msimsugue mikono na miguu. Msimpe pombe, hata ya "kupasha damu joto". Hufungua mishipa ya ngozini na joto lililobaki linatoka nje. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa, akichanganyikiwa, au asiweze kutembea, msimburute tena. Mlazeni, mfunikeni, ombeni msaada.

Msaada ni 999. Omba polisi, kisha uwaambie unataka uokoaji wa milimani. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea, hawatozi hata senti, na hawaulizi kibali cha mtu cha kukaa nchini. Nalisema hili kwa sababu nimekutana na watu wetu walioogopa kupiga. Sajilini simu zenu leo: tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo. Baadaye mtandao ukiwa dhaifu mno kwa kupiga simu, ujumbe mfupi unaweza kupenya. Pasipo mtandao kabisa, pulizeni filimbi mara sita ndani ya dakika, mtulie dakika moja, mrudie.

Dogo jingine la majira haya: Machi na Aprili kondoo wanazaa. Wapiteni mbali, na mwenye mimba asiguse kondoo wala kitoto chake, kuna maambukizi yanayoweza kuharibu mimba.

Yote haya kuyasoma ni nusu tu. Wewe na mwenzako mmoja au wawili nendeni mkajifunze ramani na dira kwa siku mbili na mwalimu, mguu ukiwa kwenye mboji. Hadi hapo, kwa njia ya juu, mchukueni kiongozi mwenye cheti cha Hill and Moorland Leader, yaani cha kuongoza watu vilimani. Gharama yake mkigawana watu kumi inalipika.

Kusitisha hadi Juni sikushauri. Mtakosa mwanga mrefu na sauti za ndege wa nyikani waliorudi, na Juni nayo ina mvua yake. Tena mlima huo una deni na watu wa Manchester. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi, waliupanda kutokea Hayfield kudai haki ya kutembea juu yake, na watano wakafungwa jela. Leo ni wa kila mtu, ninyi mkiwemo.

Mpigie simu mama yule kabla ya mkutano wenu. Nadhani amekaa nyumbani akijiona ndiye aliyeharibu siku, na kelele za kikundi zinamfikia. Mwambie Jumamosi ijayo ni Monsal Trail, kwamba nafasi yake ni ya pili kutoka mbele, na umuulize saizi yake ya koti, maana mnapita dukani Alhamisi.